Karata za Memsaab na Nyama ya Kidari

Shamba la Memsaab Haddon,
Upande wa Sergoit,
Eldoret.
Jumapili, 13 Juni 1948

Ndugu yangu Kituyi,

Mulembe. Nakusalimu wewe, namsalimu mama watoto Nangila, nawasalimu watoto wote kuanzia yule mkubwa mpaka yule ambaye huenda alizaliwa tangu tuachane na mimi sijui hata jina lake. Natumaini mko wazima, mahindi yamesimama, na lile goti lako la kushoto halikusumbui msimu huu wa mvua. Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa, na wenye wivu husema ni siagi ya mwajiri.

Najua umeitazama bahasha hii mara mbili kabla ya kuifungua. Ni miaka miwili kasoro miezi miwili tangu tuonane. Khaemba wa reli amenifikishia salamu zako mara mbili, na mimi sikurudisha hata moja. Hilo si jambo la kawaida kwa watu waliotahiriwa asubuhi moja, wakasimama bega kwa bega kando ya mto, wakauguza vidonda vyao chini ya paa moja. Kwa hiyo nakuomba usiitupe barua hii mekoni kabla hujafika mwisho. Nataka kujua kama mimi bado ni rafiki yako. Hiyo ndiyo haja yangu yote. Lakini wewe unanijua, siwezi kwenda moja kwa moja. Hata nikitumwa chumvi, lazima nipitie kwa watu wawili watatu kwanza.

Basi nianze na Memsaab. Mwajiri wangu huyu ni mjane. Mume wake amelala hapa nyuma ya mikaratusi, na watoto wake wako Ulaya. Ni mwembamba, ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe, na huvaa kofia ya marehemu hata akiwa ndani ya nyumba. Kila siku saa nne, akishapata chai, hukaa barazani na kisanduku cha mbao chenye karata. Usifikiri ni zile karata za kuchezea ambazo vibarua wa reli hupigania. Hizi zinaitwa taroti. Kila moja ni kubwa kama kiganja changu na ina picha yake: mfalme kwenye kiti, mwanamke amemshika simba kinywa, mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja, mifupa mitupu imepanda farasi. Nilipoiona hiyo mifupa mara ya kwanza, nilisema nimekwisha, nimeajiriwa na mganga. Wiki nzima nilipeleka chai nikiangalia pembeni, mpaka siku moja nikaimimina kwenye kiti.

Memsaab alicheka, halafu akanieleza taratibu. Kiswahili chake ni kile cha walowezi, hakina jana wala kesho, lakini nilimwelewa. Alisema karatasi ni karatasi tu, haijui mvua itanyesha lini wala nani atakufa. Yeye huchagua moja, huitazama picha, kisha hujiuliza habari za watu wake: nani nimemsahau, nani ananingojea, nani nimemchosha. Mtu anayeishi peke yake, alisema, mawazo yake huzunguka palepale kila siku, na picha humsukuma atazame upande mwingine. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi ni wa Kanisa la Marafiki na mambo kama hayo hatuyagusi. Akasema kanisa lenye jina kama hilo haliwezi kumkataza mtu kuwafikiria marafiki zake. Nikakusanya vikombe nikarudi jikoni.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa nyingi, alichagua karata moja akaikodolea macho mpaka chai ikapoa. Ilikuwa na mtu aliyevaa joho jeusi, ameinamisha kichwa juu ya vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake kuna vikombe viwili vimesimama wima. Akanieleza habari za jirani yake wa shamba la chini, mama mmoja wa Kikaburu aitwaye Mama Vosloo. Kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakipelekeana jamu na umbea. Kisha fahali wa Mama Vosloo akaruka ua akampanda ng'ombe wa Memsaab, yule wa ukoo mkubwa aliyetoka ng'ambo, na Memsaab kwa hasira akaandika barua ya kumtukana jirani yake pamoja na Makaburu wote waliokufa na walio hai. Tangu hapo hawakusalimiana hata wakikutana dukani mjini. Aliniuliza mimi naona nini katika ile picha. Nikasema naona mtu anayehitaji kugeuka, kwa sababu vikombe viwili bado vina kitu. Akaniamuru nioke keki.

Nilioka keki ya zabibu kavu, nikaibeba mwenyewe kichwani kupitia matopeni. Mama Vosloo alifungua mlango, akaitazama keki, akanitazama mimi, akaipokea na kufunga mlango. Nikajua keki imekwenda na maji. Lakini siku ya tatu akaja na kikapu cha ile mikate yao mikavu inayovunja meno mpaka uichovye kwenye kahawa, na wale wajane wawili wakakaa barazani mpaka jioni wakilia na kucheka. Nilichemsha chai mara nne. Nilifurahi, Kituyi, sikufichi, na nilikuwa na haya pia, ingawa wakati huo sikutaka kujiambia haya yenyewe ilitoka wapi.

Kesho yake Memsaab akasema kwa kuwa mimi ni hodari wa kusoma picha, sasa ni zamu yangu kuchagua. Kukataa siwezi, kugusa siwezi. Nikachukua koleo la sukari, nikaivuta karata moja kwa koleo, mkono wangu ukabaki safi. Memsaab alicheka mpaka ile kofia ikaanguka. Katika picha kulikuwa na wanawake watatu wakicheza, kila mmoja ameinua kikombe juu. Aliniuliza mimi hapa shambani huinua kikombe na nani. Nikafungua kinywa nitaje jina, nikakosa.

Hilo lilinichoma. Unajua nilivyo. Nikishavaa kanzu nyeupe na kufunga mkanda mwekundu, najiona nimekuwa mtu wa serikali. Miaka minane nimekaa shamba hili, wakamuaji na wachungaji wanakula ugali wao pamoja kwenye banda, na mimi nakula jikoni nimesimama, kama farasi. Hakuna aliyenifukuza pale bandani. Ni mimi niliyejitenga.

Jumapili iliyofuata nikafunga mkate kwenye kitambaa nikaenda kwa Kipngetich. Huyu ni Mnandi, mkubwa wa wakamuaji, na kila asubuhi tulikuwa tukizozana mlangoni pa jikoni kwa sababu maziwa yamechelewa. Aliupokea mkate akauliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Akasema mpishi asiyetaka kitu ni mgonjwa, akamwita mke wake Jelagat aje atazame. Jelagat akaniletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, nikanywa, nikaongezwa. Tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya ibada niko pale. Yeye anawatukana watu wetu kwa kula kuku kupita kiasi, mimi nawatukana watu wake kwa kuwapenda ng'ombe kuliko wake zao, na Jelagat anasema sisi wote ni watoto tu. Kipngetich akishikwa na homa, nampelekea supu. Paa la chumba changu lilipovuja, alikuja na wenzake wakaliezeka upya na hawakukubali hata niwabebee nyasi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuita mji huu Sisibo, kama wanavyouita wao. Mwanzoni nilidhani rafiki ukishampata, kazi imekwisha. Memsaab akasema hapana, ndipo inapoanza, na kila mwisho wa mwezi huvuta karata na kuniuliza nani kati ya watu wetu hajatembelewa. Siku hizi hata mimi hujiuliza hivyo bila karata, nikiwa namenya viazi.

Unaona kwamba mambo yangu yalikuwa mazuri. Basi mwezi wa Aprili Khaemba akapita hapa na treni ya kutoka Uganda, akaniletea habari za nyumbani. Alisema mwezi wa Agosti dada yako Namalwa anatahirisha yule kijana wake mdogo, Joseph. Alisema pia kwamba upande wa baba yake wameapa hawatamleta kwako, bali watampeleka kwa binamu yako wa Chwele awe mjomba mahali pako, kwa sababu ya yale yaliyotokea kwa ndugu yake Nicholas. Nilimpa Khaemba chai, nikamsindikiza, nikarudi jikoni nikatia chumvi kwenye pudini mahali pa sukari. Wiki ile niliunguza maziwa mara mbili. Memsaab alivumilia, halafu akaleta kisanduku chake mpaka mezani pangu jikoni, akasema nichague.

Safari hii nilisahau koleo. Nilivuta kwa mkono. Ilikuwa picha ya mwezi, na chini ya mwezi mbwa wawili wameinua nyuso wanabweka. Memsaab alianza kueleza kwamba karata hiyo ni ya mambo tusiyoyaona vizuri, ambapo mtu hujitisha mwenyewe. Sikumsikia. Mimi nilimwona mbwa tu. Nilimwona Chui, mbwa wako. Nikakaa kwenye kiti, mbele ya Memsaab, bila kuambiwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Yeye akanimiminia chai kwa mkono wake, akauliza huyo mbwa ana nini. Nikamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa, na ilifaa uwe wewe.

Kituyi, kama umesimama, kaa chini.

Unakumbuka Agosti ile ya 1946. Ulichinja yule fahali mwekundu mwenye uso mweupe kwa ajili ya Nicholas. Nyama ya kidari huwa ni ya mpwa. Mjomba huikata, akamvisha kijana shingoni, naye hukimbia nayo mpaka kwao akipiga njuga, ili kila mtu aone kwamba watu wa mama yake wamemkubali. Hata mtoto mdogo kwetu analijua hilo. Ulinikabidhi nyama yote mbele ya watu, ukasema mimi ni mpishi na mimi ni rafiki yako. Wakati ulipofika, kidari hakikuonekana. Watu walitafuta darini, wakatafuta migombani, wakamkuta Chui nyuma ya jiko anatafuna mfupa, kinywa kimejaa damu. Ulimpiga yule mbwa mpaka watu wakakuzuia, ukamtoa kwa watu wa Ndivisi. Lakini wakwe wa Namalwa wakasema hakuna mbwa anayejua kuangua nyama iliyotundikwa, na kwamba mjomba mwenyewe ameificha kwa uchoyo akamsingizia mnyama. Nicholas akaenda kwao na kipande cha mbuzi kilichotolewa na jirani. Namshukuru Mungu alisimama imara mbele ya kisu kesho yake, hakupepesa jicho. Lakini wewe wamekucheka tangu siku hiyo, na Khaemba anasema kwenye vikao bado wanakuita Mjomba wa Mbuzi.

Chui hakuiba ile nyama. Niliipika mimi.

Haikuwa kwa ubaya. Nakuapia. Ilikuwa kwa maringo. Nilikuwa nimejisifu kwa wazee kwamba nitawapikia mchuzi ambao hata Gavana akija huulizia. Na mpishi wa Wazungu hujifunza jambo moja kabla ya yote: kidari ni nyama ya kuchemshwa polepole, saa tatu, na vitunguu na karoti. Kila Jumamosi kwa miaka nilikuwa nimekata kidari. Siku ile nilikuwa nikizungumza na watu, napiga porojo za Eldoret, mkono ukainuka wenyewe ukaangua nyama, ukaikata vipande vidogovidogo, ukaitia sufuriani. Nilipomsikia mzee akiitisha nyama ya mpwa, ilikuwa tayari imelainika. Ule mfupa aliokuwa nao Chui nilimtupia mimi.

Ningesema wakati huohuo, ungenitukana, watu wangenicheka, tungetafuta fahali mwingine, na yangekwisha. Nilifungua kinywa. Lakini mzee alikuwa amesimama katikati ya ua akimlaani mwizi na kizazi chake, huku ameshika sahani ya mchuzi mkononi, na kati ya laana moja na nyingine anatafuna. Wote walikuwa wakitafuna. Wewe mwenyewe, Kituyi, uliomba sahani ya pili, ukaniambia tangu uzaliwe hujala nyama laini namna ile. Nikafunga kinywa. Asubuhi nikaaga, nikasema Memsaab amenipa siku mbili tu. Huo nao ulikuwa uongo, alikuwa amenipa kumi. Niliogopa kuchekwa, nikakubali uchekwe wewe. Hilo ndilo lililonifanya nisijibu salamu zako. Kila nilipoletewa niliona aibu upya, na kadiri nilivyokawia ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi.

Nilipomweleza Kipngetich alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akaniuliza yule mjomba ni rafiki yangu wa miaka mingapi. Nikasema tangu tukiwa wachungaji wa ndama. Akasema basi mimi ni mjinga mkubwa kuliko alivyodhani, maana nimemletea yeye mkate akiwa mgeni, na mtu wangu wa utotoni nimemwacha bila hata neno moja. Sikukasirika. Alikuwa amesema kweli tupu.

Sasa sikia nilichofanya, maana sikutaka uone kama unauziwa ukweli kwa bei ya msamaha. Leo nimeandika barua mbili. Nyingine ni ya shemeji yako, baba yake Joseph. Nimeandika yote, sikuacha hata karoti. Nimemwomba aisome mbele ya wazee wake. Khaemba anazibeba zote mbili, na nimemwagiza apitie kwao kwanza, asubiri mpaka isomwe, ndipo aje kwako. Kwa hiyo unapoisoma hii, wao wamekwisha kujua. Mjomba hakuwa mchoyo, na nimewaomba wamlete kijana kwa mjomba wake wa haki. Hata ukiikunja barua hii ukawashia moto, hayo hayatageuka. Tena, yule fahali wangu mweusi anayefugwa na kaka yangu Kamukuywa, nimeagiza aletwe kwako. Ni wa Joseph. Umchinje wewe, na mimi nisikaribie kisu.

Memsaab amenipa likizo ya wiki mbili. Nitashuka stesheni ya Webuye Jumamosi tarehe 7 Agosti, na nitatembea kwa miguu mpaka kwako. Ukiniambia nirudi, nitarudi na nitaelewa. Lakini ningependa ujue kwamba nina hamu nawe sana. Nimepata marafiki huku, watu wazuri, na kila nikicheka nao najikuta natazama kando nione kama wewe umesikia.

Nisalimie Nangila, mwambie naikumbuka ile pilipili yake ya kuvunja ulimi. Nisalimie Namalwa, ukiona anaweza kulisikia jina langu. Kipngetich na Jelagat wanakusalimu ingawa hawakujui, na Memsaab anasema kwa Kiswahili chake kile kwamba wewe mtu mzuri, yeye najua. Mungu awalinde nyote.

Katika sherehe ya Joseph nitasimama mbele ya watu wote niyaseme kwa kinywa changu. Watacheka, na safari hii ni mimi watakayenicheka. Waache wacheke wanavyotaka, Kituyi, mradi tu nawe uwe umekaa pale unacheka nao.

Ni mimi,
Elphas Wanyama,
uliyesimama naye kando ya mto.